Mafuta ya Taa ya Baba na Upepo wa Mjomba

Siku hizi wakianza kubishana kwenye televisheni kuhusu tabianchi, huyu anasema umeme wa jua na upepo ndio wokovu wetu, yule anasema hayo ni maneno ya kutuchelewesha maendeleo, wanangu huniuliza, "Mama, hapo nani mkweli?" Nawajibu, "Kwanza niambieni kila mmoja anauza nini." Wanacheka. Wanadhani mama yao anazeeka vibaya. Hawajui kwamba ubishi huo niliwahi kuwa ndani yake, faneli mkononi, na kwamba aliyeulipia ni ndugu wa tumbo moja na mama yangu. Sijawahi kuwasimulia. Baba alishatangulia, na sasa mama naye amefariki, kwa hiyo naona naweza kusema.

Baba alikuwa muuza mafuta ya taa Singida mjini. Ukoo wake ni wale Waislamu wa kuchanganyika, babu wa pwani, bibi wa Unyamwezi, wakaifuata reli mpaka Manyoni, halafu yeye akapanda kaskazini na duka lake kichwani, kama alivyopenda kusema. Zamani mafuta yalikuwa ya kibali na foleni, na baba alipanga foleni kama wenzake. Ilipokuja ruksa ya biashara huria akaanza na pipa moja, yakawa mapipa matatu, likaja tenki. Akanunua pampu ya mkono, akafungua kibanda kijiji cha Ilongero, kwa sababu huko giza likiingia kila nyumba iliwasha koroboi, na mwenye uwezo aliwasha chemli. Dizeli ya mashine za kusaga nayo alipeleka yeye. Mtu wa Ilongero akila ugali, baba ana mkono wake humo. Akiwasha taa, baba ana mkono wake humo pia.

Sitaki mumuone shetani. Msikitini alipeleka mafuta bila kuombwa, na Krismasi ikifika alipeleka dumu kanisani, akisema giza halina dini. Mjane akija na chupa ya soda bila hela, baba aliijaza. Tulikula, tulivaa, tulisoma kwa mafuta yale. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, nikarudi nyumbani na sifuri nene kama kitumbua. Baba hakunipiga wala hakunitukana. Aliacha tu kuzungumza nami mambo mengine yasiyokuwa ya bidhaa. "Pipa limefika?" "Limefika." "Haya." Jamani, heri angenichapa. Baadaye akaniambia nikakae kwenye pampu ya Ilongero, nami nikaenda kama mfungwa anayehamishwa gereza.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa na shamba lake hapo hapo nje ya Ilongero, juu kwenye mgongo wa kilima ambako upepo haulali. Alilima uwele, mtama na alizeti kwa jembe la kukokotwa, akiwa na maksai wawili, mmoja mweusi na mmoja wa kijivu. Alikuwa Mkatoliki wa Pasaka na Krismasi, mrefu, na kila alipotaka kusema neno alianza kwa kucheka kidogo, hata kama neno lenyewe lilikuwa la msiba. Mama alipobadili dini ili aolewe na baba, ndugu wengine walinuna. Mjomba hakununa. Mimi alikuwa akiniita "mama", maana nilipewa jina la mama yake mzazi, na nikimwambia shikamoo alinijibu marahaba kisha yeye naye ananiamkia kwa utani. Hakuna mtu aliyekuwa akinifanya nijione mtu mzima kama yeye.

Basi mwaka mmoja, kiangazi, ikaja pikapu nyeupe na wazungu wawili na kijana mmoja wa Dar es Salaam, wakaitisha mkutano ofisi ya kijiji. Nilifunga kibanda nikaenda kusikiliza. Kijana yule ndiye aliyekuwa msemaji. Akasema upepo wa kilima chetu ni mali. Akasema kampuni yake inataka kusimamisha mlingoti wa kuupima, na vipimo vikiwa vizuri yatakuja mapanga makubwa ya kuzungushwa na upepo, utoke umeme. Akasema kijiji kitapata taa, na kitachimbiwa kisima chenye pampu. Halafu akaingia kwenye mambo ya dunia: kwamba hali ya hewa inaharibika, ukame unazidi, na yote hayo yanaletwa na moshi, wa viwanda, wa magari, na hata wa hizi taa zenu za mafuta.

Bibi mmoja akasimama na fimbo yake. "Baba, moshi wa koroboi yangu ndio umefukuza mvua ya dunia nzima?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Kijana akakohoa, akasema hapana, sehemu kubwa ni ya wenzetu wa ng'ambo, lakini kila mmoja ana mchango wake. Bibi akaketi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mchango sisi tumezoea, hata wa Mwenge wa Uhuru tunatoa."

Mjomba akakubali mlingoti usimame shambani kwake. Hakukubali kwa ujinga. Alichotaka yeye ni pampu ya kisima. Mke wake na wanawake wa upande ule walishuka mbali kuchota maji, na mjomba alishawahi kuchimba kwa mikono yake akaishia kwenye mwamba. Wakamfanya mlinzi wa mlingoti. Ulikuwa mwembamba, mrefu kupita mti wowote wa pale, umepakwa nyekundu na nyeupe, juu una vikombe vinavyozunguka na chini una kasha la kufuli. Ulishikiliwa na nyaya kila upande. Ng'ombe wa kwanza alipojikwaa kwenye waya, kijana wa kampuni akampa mjomba kitambaa chekundu, akamwambia achane vipande avifunge kwenye nyaya zote vionekane. Mjomba akafunga, kwa bidii yake, kila baada ya hatua moja. Ukitazama kutoka sokoni uliona kilima kimevaa vitambaa vyekundu.

Sasa, asiyetoka kwetu hawezi kujua kuna ubaya gani hapo. Mvua inaitwa kwa cheusi. Wazee wakienda kuomba mvua wanavaa vyeusi, na mnyama wanayemchinja ni mweusi tii, kwa sababu wingu la mvua ni jeusi. Chekundu hakikaribii. Chekundu ni jua, ni moto. Mjomba aliyajua hayo tangu utotoni, lakini alichowaza siku ile ni miguu ya ng'ombe. Nadhani pia alitaka kampuni imuone mtu wa kazi.

Akaniletea mkataba pale kibandani nimsomee, kwa kuwa ulikuwa wa Kiingereza na mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza katika ukoo, japo cha kufeli. Nikasoma kwa shida, nikirudia rudia. Mahali pengine iliandikwa kwamba mapanga yakija, kampuni ndiyo yenye haki ya kuuza faida ya hewa safi kwa makampuni ya nje.

"Hewa safi inauzwaje?" akauliza.

Nikamweleza nilivyoelewa. Kwamba kuna mtu huko ng'ambo ana kiwanda cha moshi. Akilipia upepo wa huku, anahesabiwa kama amepunguza moshi, anaendelea na kiwanda chake.

Mjomba akacheka kile kicheko chake cha mwanzo. "Yaani yeye anaendelea kuchoma, kwa sababu mimi nina upepo."

"Ndiyo, mjomba."

"Na kwenye hiyo biashara mimi ni nani?"

"Hapa wameandika mlinzi."

Akaukunja mkataba, akautia mfukoni. "Haya, mama. Wauze hewa yao. Mimi wanipe maji." Akanunua robo lita ya mafuta ya taa, akapanda baiskeli yake akaenda.

Baba hakuwa mjinga hata kidogo. Siku mbili baada ya mkutano alishakuwa na habari zote. Mlingoti ulipokuwa umeshasimama, siku moja tulikuwa kwenye gari lake tukipeleka mapipa Ilongero, na kwa mara ya kwanza tangu nifeli akazungumza nami kama mtu. Akasema umeme ukipita vijijini, koroboi zimekufa, na mashine za kusaga zitafungwa mota, dizeli nayo imekufa. Akasema wale vijana wana akili sana, wamekuja na ukame mdomoni ili wauze mapanga. Nikamuuliza, "Kwani ni uongo, baba? Ukame si upo?" Akasema, "Ukweli na uongo sijui. Najua wanauza, na mimi nauza."

Kisha akanipa somo ambalo mpaka leo sijasikia msomi akilisema vizuri zaidi. "Wewe usiwaambie kitu. Mtu akiambiwa, anabisha. Akiulizwa, anaondoka na swali mpaka kwake, anakwenda kumuuliza mkewe. Kwa hiyo uliza tu. Hivi tangu ule mlingoti usimame, mmepata mvua? Basi. Usiongeze."

Wakati ule ilikuwa bado kiangazi. Mvua yenyewe haikuwa imefika wakati wake! Lakini nani anaangalia kalenda akiwa amekinga chupa chini ya faneli? Nikawa nauliza. Namimina, nauliza. "Shikamoo mama. Hivi huko kwenu tangu ule mlingoti usimame mmeona hata wingu?" "Marahaba, mwanangu. Hatujaona." "Haya, karibu tena."

Na mimi nikaongeza. Hili ni langu, baba hahusiki. Siku moja, nikimsikiliza mwanamke mmoja akilalamikia jua, nikakumbuka mambo aliyokuwa akinieleza mama kuhusu cheusi na chekundu, nikamuuliza kwa upole, kama mtoto wa mjini asiyejua mila, "Eti mama, vile vitambaa pale juu ni vya rangi gani?" Yule mama akageuka akatazama kilima. Akachukua chupa yake akaondoka bila kusubiri kifuniko.

Jioni baba aliponifuata na gari kunirudisha nyumbani, nikamsimulia. Alicheka, akapiga usukani. "Una akili kuliko baba yako wewe!" akasema. Wallahi, sijui niwaelezeje raha niliyoisikia. Miezi yote ile nilikuwa sifuri, na sasa baba anamsimulia mama mezani kwamba binti yake ni mfanyabiashara, bila kumwambia biashara yenyewe ni nini. Mama akaniongezea nyama. Nilikula, nikaona dunia imenirudia. Mjomba hakunijia akilini kabisa, na hilo ndilo linalonitisha kuhusu moyo wa binadamu, maana nilikuwa nampenda.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Ukafika mwezi wa mvua, mvua haikuja. Ikapita Krismasi, mbingu nyeupe. Waliokuwa wamepanda kavu wakaona mbegu zinaliwa na mchwa. Ule upepo wa kilimani ukazidi, vikombe vya mlingoti vikazunguka kama vina wazimu, na watu wakawa wanavitazama kwa chuki. Sikuwa na haja ya kuuliza tena. Wateja walikuwa wananiambia mimi, kwa sauti ya chini, kana kwamba sijasikia, "Mlingoti umefunga mvua. Na mwenye mlingoti unamjua."

Kwetu mtu akisemwa kwamba amefunga mvua, hapigwi siku ya kwanza. Anaachwa kusalimiwa. Nilikuwa kibandani siku mjomba alipopita sokoni na baiskeli yake. Watoto wa shule, ambao huwezi kuwapita bila shikamoo kumi, wakatazama chini. Wazee wenzake wakageukia bidhaa. Alisimama katikati ya soko, akasema, "Jamani, hamjambo?" Hakuna aliyejibu. Akacheka kidogo, akaisukuma baiskeli mpaka kwangu. Nikamwambia shikamoo. Akaniitikia marahaba kwa sauti kubwa, watu wote wasikie kwamba yuko mmoja aliyemsalimia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wiki iliyofuata wanawake wa kijiji wakaenda kwake kwa pamoja, wakaketi uani tangu asubuhi mpaka jua la saa kumi, hawasalimii, hawaombi maji, hawasemi. Wakaondoka walivyokuja. Hiyo maana yake ni kwamba wanaume wanaachiwa nafasi ya kumaliza jambo kabla wanawake hawajarudi kulimaliza wenyewe. Kikapangwa kikao.

Ndipo mjomba alipokuja mjini. Nilikuwa dukani. Alivaa shati lake la kanisani. Baba akamkaribisha, akaagiza chai, akamtolea na mkate. Mjomba hakugusa mkate.

"Shemeji," akasema, "nina jambo. Watu wanasema nimefunga mvua. Wataniamulia kesho kutwa. Kijana wa kampuni nimemtumia salamu mara mbili, kimya. Kijijini kwetu hakuna mtu ambaye watu wanamwamini kama wewe, maana uliwapa mafuta hata walipokuwa hawana. Njoo useme neno moja tu, kwamba chuma hakifungi mvua. Neno moja, shemeji."

Baba akatazama kikombe chake. Akasema, "Nitakuja, inshallah."

Mama, aliyekuwa mlangoni, alifurahi machozi yakamtoka. Akamwambia kaka yake, "Si unaona? Nilikwambia mume wangu hawezi kukutupa." Siku ya kikao alimpigia baba kanzu pasi yeye mwenyewe. Hakuja nasi, alibaki kupika chakula cha kumpokea kaka yake.

Kikao kilikuwa cha kimila lakini mwenyekiti wa kijiji alikuwepo. Baba alipewa kiti. Mjomba akajieleza: vitambaa ni vya ng'ombe wasijikwae, mlingoti unapima tu, kisima tungepata sote. Alieleza vizuri, bila kucheka hata mara moja. Mzee mmoja akasema, "Haya, mgeni wetu wa mjini ni shemeji yako, tumsikie."

Baba akasimama. Alikuwa na sauti nzuri, ya kuadhini. Akawasalimia, akawapa pole ya ukame. Halafu akasema: "Mimi ni mfanyabiashara tu. Mambo ya mvua anayajua Mwenyezi Mungu. Mlingoti unafunga mvua au haufungi, siwezi kuapa. Na mimi nauliza kama ninyi mnavyouliza." Akaketi.

Hakusema uongo hata neno moja. Nendeni mkalichunguze.

Mjomba alimtazama, kisha akatazama mikono yake. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwingine mwenye neno?" Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake. Nilikuwa na neno. Nilitakiwa kusimama tu na kusema: lile swali la vitambaa ni langu, nilipewa nusu nikatunga nusu, tunauza mafuta. Niliona baba ananitazama, na nikaona ile sifa yote, ile nyama, ile "una akili kuliko baba yako", vinakwenda. Nikainama. Mwenyekiti akasema, "Basi."

Wakaamua mlingoti ung'olewe, na mjomba atoe mnyama mweusi, dume asiye na doa, achinjwe pale pale uliposimama. Akikataa, ahame kilima. Mjomba hakuwa na dume mweusi. Alikuwa na yule maksai wake mweusi. Wazee wakabishana kama maksai anafaa, maana ameshahasiwa, mwisho wakasema kwa kuwa hana mwingine, Mungu ataelewa. Akachinjwa. Vijana wakakata nyaya, mlingoti ukalala. Pikapu nyeupe ilikuja kesho yake, wakabeba kasha lao na vikombe, wakaondoka bila hata kumsalimia mlinzi wao.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Ikanyesha kwelikweli, ya mawe, mabati ya kibanda yakalia mpaka nikaziba masikio. Watu walitoka nje wakaicheza. Basi, mtu angewaambia nini tena? Kilima kizima kililima wiki ile, majembe ya ng'ombe yakipishana, isipokuwa shamba moja. Maksai mmoja havuti jembe. Aliyeinunua mvua ndiye aliyekosa kuilimia.

Mama alipomuuliza kaka yake kikao kilikwendaje, mjomba alimwambia, "Shemeji alijitahidi. Watu ndio hawakusikia." Nilikuwepo. Nilimwangalia nikadhani hajui.

Nilivumilia karibu miezi miwili. Nililala vibaya, nikakonda, mama akadhani nina mimba akanihoji mpaka tukagombana. Mwisho asubuhi moja nikafunga kibanda, nikapanda kilimani. Nilimkuta na mkewe wakipalilia kwa jembe la mkono kipande kidogo, kama ua wa nyumba, na sehemu nyingine yote ya shamba imejaa magugu. Mkewe akaondoka kwenda kuniletea uji. Nikasema shikamoo, akaitikia. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, haraka haraka, nisije nikapata nafasi ya kurudi nyuma: pampu, swali la baba, swali langu la rangi, nyama mezani. Nikalia. Nilitaka anipige.

Alimaliza mstari wake. Kisha akaegemea jembe.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, mjomba?"

"Najua tangu mwezi wa kwanza. Wewe uliuliza watu wangapi? Wote hao walifika kwao wakasema wameulizwa wapi." Akafuta jasho. "Kwa nini nilikuja mjini kumwomba baba yako? Nilimfungulia mlango apite. Nilijua anajua. Nikasema labda ataona haya, atapita. Hakupita."

Nikamuuliza, kwa nini basi hukusema pale kikaoni? Ungesema, watu wangekuelewa, maksai wako angebaki.

Akanitazama kama ninavyowatazama wanangu wakiuliza jambo la kitoto. "Ningesema, mama yako angesikia. Angesikia kwamba mumewe amemuuza kaka yake. Unamjua mama yako, asingelala kwake hata usiku mmoja, angerudi hapa. Na hapa ana nini? Mahari yake ndiyo niliyoolea mke wangu huyu. Ng'ombe wa baba yako waliingia zizi hili, wakatoka kwenda kwa wakwe zangu. Dada yangu ndiye aliyenipa nyumba. Mimi nimvunjie yake kwa ajili ya maksai?"

Mkewe alikuwa anarudi na uji, tukamsikia anaimba chini chini. Mjomba akashusha sauti. "Umelia, imetosha. Futa uso. Na mama yako usimwambie, leo wala siku nyingine. Ukitaka kunilipa, nilipe hivyo."

Nikaapa. Tukanywa uji.

Hakupata maksai mwingine. Alilima kwa jembe la mkono mpaka mgongo ukapinda, na kisima chake kikabaki mwamba. Mama alimpelekea nguo kuukuu, sukari, na mafuta ya taa ya bure, na kila tuliporudi kutoka kwake alikuwa akisema njiani, "Ule mlingoti ulimfilisi kaka yangu. Bahati alikuwa na shemeji wa kumtetea." Alisema hivyo wakati mjomba yuko hai, akasema kwenye msiba wake, akasema tena kitandani wiki aliyofariki, akiwa ameshika mkono wangu.

Kila mara nilimwitikia, "Ndiyo, mama."